Kipenga, Kibendera na Kioo: Historia ya Uamuzi wa Video katika Soka Ikitazamwa kutoka Rumonge na Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali linalogawanya wapenzi wa kandanda duniani: je, teknolojia ya video inayomsaidia mwamuzi imeukuza mchezo au imeudhuru? Badala ya kuliuliza swali hilo kutoka katika miji mikuu ya soka, makala yanaliuliza kutoka Rumonge na mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo mchezo unachezwa bila teknolojia hiyo lakini unatazamwa kila wiki ukiwa nayo. Kwa kufuata matukio ya kati ya mwaka 2014 na 2025 yaliyowahusu Warundi na majirani zao, na kwa kuyalinganisha na mapokeo ya Kirundi ya kuamua mashauri hadharani, makala yanadai kwamba video imepunguza makosa ya macho, ila imezalisha aina mbili mpya za malalamiko: la yule ambaye teknolojia haikumfikia, na la yule ambaye ilimfikia bila kumpa sababu. Mwisho yanatolewa mapendekezo kwa wapangaji wa sera za michezo na za lugha katika Afrika Mashariki.

Utangulizi

Mnamo tarehe 3 Machi 2018, mjini Zurich, Bodi ya Kimataifa ya Sheria za Soka iliidhinisha matumizi ya waamuzi wasaidizi wa video, mfumo ambao vyombo vya habari vya Kiswahili vimezoea kuuita kwa herufi tatu: VAR. Idhini hiyo ilihitimisha majaribio ya miaka miwili yaliyoruhusiwa Machi 2016. Mfumo uliwekewa mipaka minne: bao, mkwaju wa penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kumwadhibu mchezaji asiyehusika. Zaidi ya hayo, video haikupewa kazi ya kuamua upya kila jambo, bali kusahihisha kosa la wazi lisilo na ubishi, au kumwonyesha mwamuzi tukio zito alilolikosa.

Wasomi wengi waliokwisha kuandika juu ya mfumo huu wamepima usahihi wake kwa takwimu za ligi za Ulaya. Kipimo hicho kina maana, lakini hakitoshi. Soka ni mchezo wa wote wanaoutazama, na wengi wa watazamaji hao hawako Ulaya, wala viwanja vya kwao havina kamera. Rumonge, mji wa wavuvi wa mikeke na dagaa na wakulima wa michikichi, takribani kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, ni mojawapo ya mahali hapo. Mtu aliyesimama Rumonge anaiona teknolojia hii kwa pande mbili: upande wa mtazamaji wa luninga aliyeizoea, na upande wa mchezaji wa uwanja wa nyumbani ambaye hajawahi kuikuta. Ni pembe hiyo ndiyo inayotumika katika makala haya.

Mwambao, lugha na mchezo

Historia ya Kiswahili katika mwambao huu ni ndefu kuliko historia ya soka. Misafara ya biashara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi ilikuwa imekwisha kuifanya Ujiji kuwa soko kubwa kabla Burton na Speke hawajafika ziwani mwaka 1858. Kutoka Ujiji, mitumbwi na majahazi yalieneza bidhaa na lugha kuelekea kaskazini, na makazi ya Waswahili yakaota kando ya ziwa, Rumonge ikiwa miongoni mwao. Wajerumani, waliojenga kituo cha Usumbura mwaka 1897, waliitumia lugha hiyo katika utawala wao. Wabelgiji waliochukua nchi mwaka 1916 waliikuta imeshika mizizi sokoni na bandarini.

Soka liliingia katika mwambao huo pamoja na shule, misheni na kambi za utawala wa kikoloni. Shirikisho la soka la Burundi huhesabu mwanzo wake mwaka 1948, wakati nchi ikiwa bado chini ya udhamini wa Wabelgiji. Toka hapo mchezo ukawa wa wenyeji. Mwaka 1992 klabu ya Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika na kushindwa na Africa Sports ya Abidjan; mwaka 2013 klabu hiyohiyo ilitwaa Kombe la Kagame, taji la klabu za Afrika Mashariki na Kati.

Lililo muhimu kwa hoja yetu ni kwamba soka la mwambao halijawahi kufuata mipaka ya dola. Amissi Tambwe, Mrundi, aliongoza kwa mabao katika ligi kuu ya Tanzania akiwa Simba na tena akiwa Yanga. Saidi Ntibazonkiza alizichezea klabu hizo mbili pia. Kigoma, ng'ambo ya maji, ina timu ya Mashujaa iliyopanda ligi kuu ya Tanzania msimu wa 2023/24 na kucheza katika uwanja unaoitwa kwa jina la ziwa lenyewe. Kwa sababu hiyo, mtu wa Rumonge akiketi katika kibanda cha kuonyeshea mpira, vile ambavyo ndugu wa Kigoma huviita vibanda umiza, hatazami soka la kigeni. Anatazama soka la jamaa zake, na hulijadili kwa Kiswahili. Ubishi wa video umemfikia kwa lugha hiyo.

Intahe na kipenga

Kabla ya kupima teknolojia, yafaa kuuliza watu wa nchi hii walikuwa na wazo gani kuhusu mwamuzi mwema. Burundi ina mapokeo yaliyo wazi katika jambo hilo: ubushingantahe. Abashingantahe walikuwa watu wazima wenye busara, waliosimikwa mbele ya jamii na kuapa kusema kweli na kuamua kwa haki. Intahe ni fimbo waliyoipiga chini walipokuwa wakizungumza katika shauri. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliitaja taasisi hiyo miongoni mwa zilizostahili kurejeshewa hadhi.

Utaratibu wao ulikuwa na hatua tatu. Kwanza, wadai wote wawili na mashahidi walisikilizwa hadharani. Pili, wazee walijitenga faraghani kushauriana. Tatu, walirudi na kutangaza uamuzi mbele ya watu, wakieleza sababu zake kwa lugha ambayo kila aliyehudhuria aliifahamu. Taasisi hiyo haikuwa kamilifu: kwa muda mrefu ilikuwa baraza la wanaume, na tawala zilizofuatana ziliingiza mkono ndani yake, maana mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Hata hivyo hatua zile tatu zinatupa kipimo. Faragha haikukatazwa, ilizungukwa na uwazi pande zote mbili, kabla na baada.

Kipenga cha mwamuzi wa soka kilifanana na intahe katika jambo moja: uamuzi ulitoka kwa mtu anayeonekana, papo hapo, katikati ya watu. Kilitofautiana nayo katika jambo lingine: hakikueleza sababu wala hakikuruhusu rufaa. Uamuzi wa mwamuzi juu ya mambo ya mchezo ulikuwa wa mwisho, na jamii ya soka ilikubali gharama ya makosa ili ipate faida ya mwisho. Video imelivunja patano hilo. Imeleta rufaa, lakini imeleta pia chumba ambacho mtazamaji hakioni.

Mrundi Saransk

Kuna Mrundi mmoja aliyekuwa karibu na mabadiliko haya kuliko wengi. Mwamuzi msaidizi Jean-Claude Birumushahu alikuwa miongoni mwa maofisa wa Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazili, fainali za kwanza kutumia teknolojia ya mstari wa goli, ile inayotambua kama mpira umevuka mstari wote na kumjulisha mwamuzi kupitia saa ya mkononi. Miaka minne baadaye aliteuliwa tena kwa fainali za Urusi, ambazo zilikuwa za kwanza kutumia VAR.

Tarehe 16 Juni 2018, mjini Saransk, Denmark ilikutana na Peru. Mwamuzi wa kati alikuwa Bakary Gassama wa Gambia. Birumushahu alishika kibendera. Karibu na mapumziko, Christian Cueva wa Peru aliangushwa ndani ya eneo la hatari. Gassama aliachia mchezo uendelee. Kisha akaitwa na maofisa wa video, akaenda kutazama kioo kando ya uwanja, akarudi na kutoa penalti. Cueva akaipaisha juu ya goli, na Denmark ikashinda 1-0. Siku hiyohiyo, saa chache kabla, Ufaransa ilikuwa imepewa dhidi ya Australia penalti ya kwanza ya video katika historia ya Kombe la Dunia.

Tukio la Saransk linaonyesha faida ya mfumo bila shaka yoyote: mwamuzi mwenye uzoefu alikosa kuona, akasaidiwa, akasahihisha. Takwimu za fainali zile zinaelekea upande huohuo. Penalti 29 zilitolewa, ilhali rekodi ya awali ilikuwa 18. FIFA ilieleza kwamba katika mechi 48 za makundi matukio 335 yalikaguliwa, na kwamba usahihi wa uamuzi mkubwa ulipanda kutoka asilimia 95 hadi 99.3. Takwimu hizo zilitolewa na mwenye mfumo kuhusu mfumo wake, hivyo zapasa kusomwa kwa hadhari. Lakini hata mkosoaji hawezi kudai kwamba makosa hayakupungua.

Lakini Saransk ina sura ya pili. Chumba cha video hakikuwa Saransk. Kilikuwa Moscow, kikipokea picha za kamera 33. Na kati ya waamuzi 13 walioteuliwa kufanya kazi ya video pekee katika fainali zile, hakuna hata mmoja aliyetoka Afrika. Waafrika walikuwa uwanjani wakikimbia. Waliowasahihisha walikuwa chumbani, na walitoka kwingine. Sababu iliyokuwapo ilikuwa ya kiufundi: uteuzi ulifuata uzoefu, na uzoefu ulipatikana katika ligi zilizokwisha kuanza kutumia mfumo. Lakini sababu ya kiufundi yaweza kuwa na matokeo ya kisiasa. Nchi isiyo na chumba cha video haiwezi kumlea mwamuzi wa video. Na kadiri mashindano makubwa yanavyodai ujuzi huo, ndivyo mlango ambao Birumushahu aliupita kwa macho na miguu yake unavyozidi kuwa mwembamba kwa vijana wanaoshika kibendera leo Rumonge, Makamba au Nyanza-Lac.

Mwaka 2019: teknolojia iliyokuja nusu

Mwaka 2019 ulikuwa wa furaha Burundi. Kwa mara ya kwanza timu ya taifa, Intamba mu Rugamba, ilifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika lililofanyika Misri. Chini ya kocha Olivier Niyungeko na nahodha Saido Berahino, ilifungwa 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagascar, na 2-0 na Guinea. Katika mchezo wa mwisho, ndani ya robo saa ya kwanza, beki Christophe Nduwarugira alioneshwa kadi nyekundu kwa kumzuia mshambuliaji aliyekuwa akielekea golini. Burundi ilicheza muda wote uliobaki ikiwa na watu kumi.

Kadi ya namna hiyo imo ndani ya mipaka minne ya VAR. Lakini katika fainali zile Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, liliamua kutumia mfumo kuanzia robo fainali tu. Hatudai hapa kwamba kadi ya Nduwarugira ilikuwa kosa. Huenda kioo kingeithibitisha. Tunachodai ni kwamba katika mashindano yaleyale, kwa kombe lilelile, wengine walikuwa na mahali pa kuuliza na wengine hawakuwa napo. Katika fainali ya tarehe 19 Julai, Senegal ilipewa penalti dhidi ya Algeria kwa mpira ulioshikwa. Mwamuzi akatazama kioo na kuifuta, na Algeria ikatwaa kombe kwa bao 1-0. Mstari uliotenganisha mechi zenye marejeo na zisizo nayo haukuchorwa kwa uzito wa kosa. Ulichorwa kwa hatua ya mashindano, na hatua hiyo ilianza pale Warundi walipokuwa wamekwisha kurudi nyumbani.

Wiki chache kabla ya hapo, bara lilikuwa limeona hatari nyingine. Tarehe 31 Mei 2019, huko Radès nchini Tunisia, Wydad Casablanca ilidhani imesawazisha bao dhidi ya Espérance katika mkondo wa pili wa fainali ya Ligi ya Mabingwa. Bao likakataliwa kwa kuotea. Wachezaji wa Wydad wakadai video. Ikabainika kwamba mfumo haufanyi kazi. Wakakataa kuendelea, na mchezo ukavunjika. Kamati ya utendaji ya CAF iliamuru urudiwe. Mahakama ya michezo huko Uswisi ikaitangua amri hiyo kwa kuwa kamati haikuwa na mamlaka. Na mwezi Agosti chombo cha nidhamu cha CAF kikaithibitisha Espérance kuwa bingwa.

Fundisho la Radès ni la msingi kwa mpanga sera yeyote wa nchi maskini. Kabla ya mwaka 2018, bao lililokataliwa kwa kuotea lingelalamikiwa na mchezo ungeendelea. Ahadi ya rufaa ndiyo iliyoifanya kutokuwapo kwa rufaa kusivumilike. Chombo kikishaahidiwa, kuharibika kwake si hitilafu ya umeme tena. Ni kunyimwa haki.

Wenyeji wa mwambao wa Burundi wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, yaliyoanzia katika eneo hilihili la kusini, walirudi baada ya miongo kadhaa na kukuta mashamba yao ya michikichi yakilimwa na wengine. Tume ya ardhi iliyoanzishwa mwaka 2006 ilifungua upya mashauri ambayo wengi waliyadhania kuwa yamekwisha; uamuzi ukapinduliwa, ukalalamikiwa, ukapelekwa mbele zaidi. Haifai kulinganisha maumivu ya watu na mchezo wa mpira. Lakini watu waliopitia hayo wanajua kwa uzoefu mambo mawili ambayo wabishi wa VAR huyasahau: kwamba uamuzi usiorejewa waweza kuficha dhuluma ya miaka, na kwamba marejeo yasiyo na utaratibu ulio wazi huzaa dhuluma juu ya dhuluma.

Mpira wa Pretoria

Tarehe 5 Aprili 2024, Yanga ya Dar es Salaam ilicheza Pretoria na Mamelodi Sundowns katika mkondo wa pili wa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Mkondo wa kwanza ulikuwa umeisha bila bao. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki alipiga shuti kali. Mpira ukagonga mtambaa wa panya, ukadunda chini karibu na mstari, ukatoka. Kwa wengi waliotazama picha za marudio, mpira ulionekana kuvuka mstari. Mwamuzi hakutoa bao, na maofisa wa video hawakuubadilisha uamuzi huo. Mechi ikaisha 0-0, na Sundowns ikafuzu kwa mikwaju ya penalti 3-2.

Mjadala wa Kiswahili uliofuata, kutoka Dar es Salaam hadi mwambao wa Burundi na Kongo, ulikuwa wa hasira. Lakini ulikuwa pia wa kisomi kwa namna yake. Watu walijifunza kutofautisha vyombo viwili vilivyokuwa vimechanganywa. VAR hutegemea picha za kamera za matangazo, na kamera isiyosimama sambamba na mstari haiwezi kuthibitisha kuvuka kwa mpira. Teknolojia ya mstari wa goli, ile aliyoikuta Birumushahu mwaka 2014, ina kamera zake maalumu, na haikuwapo Pretoria. Hivyo chombo kilichokuwapo hakikufaa kwa swali lililoulizwa, na chombo kilichofaa hakikununuliwa.

Bado lilibaki jambo lililouma zaidi. Hakuna aliyewaeleza watazamaji wakati huo ni picha ipi iliyotazamwa na kwa nini haikutosha. Kama maofisa wangetangaza kwamba hakuna pembe ya kamera inayothibitisha bao, wapenzi wa Yanga wangehuzunika. Wangekuwa na sababu ya kuikataa au kuikubali. Walipewa ukimya, na ukimya hujazwa na dhana. Katika vibanda, msemo uliofaa ulikuwa wa zamani: kesi ya nyani kaamua ngedere.

Kupima faida na hasara

Sasa tunaweza kulijibu swali letu. Faida ya kwanza ya video ni kupungua kwa makosa makubwa, na si faida ndogo kwa klabu au taifa ambalo nafasi yake huja mara moja kwa kizazi. Faida ya pili ni kumlinda mwamuzi: anayejua kwamba kosa lake litasahihishwa hana haja ya kulitetea. Faida ya tatu, inayosahaulika, ni kuwazuia wanaotaka kununua matokeo, kwa kuwa uamuzi wa hila sasa huacha kumbukumbu.

Hasara nazo ni za kweli. Furaha ya bao imekatwa vipande viwili: cha kupiga kelele na cha kusubiri. Mshika kibendera huelekezwa aache shambulizi lenye utata limalizike kwanza, na wachezaji hukimbia mbio ambazo baadaye huhesabiwa kuwa hazikuwapo. Tena video haiondoi udhaifu wa binadamu. Mwezi Januari 2022, katika Kombe la Mataifa la Kameruni lililokuwa la kwanza kutumia VAR katika mechi zote 52, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mchezo wa Tunisia na Mali katika dakika ya 85, akauendeleza, kisha akaumaliza tena kabla dakika 90 hazijatimia. Baadaye ilielezwa kwamba joto lilikuwa limemdhuru. Chumba kizima cha video hakikuwa na la kufanya, kwa kuwa muda haumo katika mipaka minne. Mwezi Septemba 2023 huko London, bao halali la Luis Díaz wa Liverpool dhidi ya Tottenham lilikataliwa kwa sababu waliokuwa chumbani hawakuelewa uwanjani kumeamuliwa nini: walithibitisha uamuzi wakidhani ulikuwa bao. Picha ilikuwa sahihi. Maneno ndiyo yaliyokosewa.

Hata Ulaya swali halijafungwa. Uswidi, ambako wanachama wa klabu wana sauti kubwa, imeukataa mfumo katika ligi yake. Mwezi Juni 2024 klabu za ligi kuu ya Uingereza zilipiga kura ya kuufuta na 19 kati ya 20 zikataka ubaki. Mwaka 2025 mkutano mkuu wa shirikisho la Norwei uliamua kuubakiza licha ya klabu nyingi za juu kutaka uondoke. Mahali pote hapo hoja ya wapinzani haikuwa kwamba kamera hudanganya, bali kwamba mchezo umetolewa mikononi mwa watu waliopo.

Kwa kipimo cha hatua tatu za ushingantahe, tunaona tatizo liko wapi. VAR ina hatua ya pili, ile ya faragha, na ina ustadi mkubwa ndani yake. Imepungukiwa na ya kwanza, kwa kuwa anayedai kuonewa hana njia rasmi ya kuomba asikilizwe. Na kwa muda mrefu ilikosa kabisa ya tatu, kutangaza sababu. Makosa ya Pretoria na London hayakuwa ya kioo. Yalikuwa ya hatua hizo mbili.

Kutoka Rumonge: mapendekezo

Katika nchi ambayo takribani mtu mmoja kati ya kumi ndiye aliyeunganishwa na umeme, na ambayo viwanja vyake havikuwa vimekidhi masharti ya kimataifa, kiasi kwamba timu ya taifa iliipokea Kameruni Juni 2022 jijini Dar es Salaam, na Vital'O ikacheza mikondo yote miwili dhidi ya Yanga hukohuko Agosti 2024, kununua VAR kamili kungekuwa kuvaa kanzu juu ya miguu iliyovimba. Radès imeonyesha kwamba mfumo unaokatika ni mbaya kuliko kutokuwa na mfumo. Pendekezo letu la kwanza, kwa hiyo, ni kwamba fedha za mwanzo zielekezwe kwa mwamuzi mwenyewe: mafunzo, posho inayolipwa kwa wakati, na kurekodi mechi kwa kamera hata moja, ili kumbukumbu itumike kufundishia.

Pili, mashirikisho ya ukanda huu yachunguze mfumo mwepesi ambao FIFA ilianza kuujaribu mwaka 2024, ukiwemo katika Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 nchini Kolombia. Mfumo huo hauna chumba wala waamuzi wa video. Kocha wa kila timu ana maombi mawili. Akidhani ameonewa huomba, mwamuzi huenda kutazama kioo kando ya uwanja, na ombi likikubaliwa halihesabiwi kuwa limetumika. Unahitaji kamera chache, na unarudisha hatua ya kwanza ya mapokeo yetu: mwenye shauri hulileta mwenyewe mbele ya watu. Una udhaifu wake, kwa kuwa kocha mjanja aweza kuutumia kupoteza muda. Lakini udhaifu huo unaonekana na wote, na kinachoonekana hurekebishika.

Tatu, CAF ishikilie mwendo ilioanza Kameruni: ndani ya mashindano mamoja, teknolojia iwepo kwa mechi zote au isiwepo kwa mechi yoyote. Timu za nchi ndogo aghalabu hutoka mapema, na ukomo wowote unaoanzia robo fainali ni ukomo unaowaangukia wao.

Nne, na hili linawahusu wajumbe wa kongamano hili moja kwa moja, uamuzi utangazwe kwa lugha ya watu. Tangu Kombe la Dunia la Klabu nchini Morocco mwezi Februari 2023, FIFA imeruhusu mwamuzi kuueleza uwanja kwa kipaza sauti matokeo ya marejeo ya video. Hiyo ndiyo hatua ya tatu, iliyokuwa imekosekana. Kenya, Uganda na Tanzania zimekabidhiwa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi Februari 2022. Ikiwa uamuzi utatangazwa Dar es Salaam au Nairobi kwa Kiingereza na Kifaransa pekee, sehemu kubwa ya uwanja itaachwa katika ukimya uleule wa Pretoria. Kazi ya wanaistilahi ni kuandaa mapema fungu la maneno machache, yaliyokubaliwa na nchi zote, ya kusema kwamba kosa ni la wazi, kwamba picha haitoshi, kwamba mchezaji ameotea, kwamba uamuzi wa awali unabaki. Watangazaji wetu wanayo tayari mengi ya maneno hayo. Kilichosalia ni kuyasanifisha na kuyapeleka kwa waamuzi.

Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa haiungi mkono wanaosema kwamba video imeua soka, wala wanaosema kwamba imelikomboa. Imefanya uamuzi kuwa sahihi zaidi palipo na fedha, na imefanya ukosefu wa haki kuonekana zaidi pasipo na fedha. Mrundi alikuwepo uwanjani katika Kombe la Dunia la kwanza kutumia mfumo huu. Taifa lake lilikuwa nje ya mipaka ya mfumo huohuo mwaka mmoja baadaye. Na jamaa zake wa mwambao waliuona ukishindwa kujieleza mwaka 2024. Matukio hayo matatu yanatosha kuonyesha kwamba swali la sera si kama tuwe na kioo au tusiwe nacho, bali ni nani anayekitazama, kwa niaba ya nani, na anawaambia nini waliobaki nje. Wazee walioshika intahe walijua kwamba uamuzi hautimii mpaka utamkwe mbele ya wadai. Waamuzi wa video watakapotamka hivyo, kwa lugha inayosikika hadi Rumonge, ndipo teknolojia yao itakapoanza kuwa haki.